Mcheza Kwao Hutunzwa: Walimu wa Usanifu wa Mandhari na Tuzo Zao

Wahenga waliacha methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kana kwamba zinagombana. Moja yasema mcheza kwao hutunzwa. Nyingine yaonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ya kwanza yaamini kuwa ustadi unastahiki malipo ya hadharani. Ya pili yahofia kuwa malipo hayo ndiyo mwanzo wa kuharibika kwa ustadi wenyewe. Baina ya methali hizi mbili ndipo ilipo historia ya tuzo zote, za washairi na za wanazuoni, na hasa za fani moja ambayo kazi zake watu huzikanyaga kila siku bila ya kuyajua majina ya mafundi wake. Fani hiyo ni usanifu wa mandhari, yaani elimu ya kupanga bustani, viwanja vya wazi, kingo za mito, fukwe na ardhi ya miji, ili watu, maji na mimea vipate kukaa pamoja bila ya kudhulumiana.

Kiswahili kina hazina yake katika jambo hili. Kutunza ni kumpa mchezaji zawadi ngomani mbele ya hadhira. Na kutunza ni kulea na kuhifadhi kitu kisiharibike. Anayempelekea mwimbaji wa taarabu noti mkononi anatunza, na anayemwagilia mche wa mwembe kila alasiri naye anatunza. Katika fani nyingine maana hizi mbili zaweza kutengana: shairi likishatuzwa limekwisha kuwapo, hata kama halitasomwa tena. Bustani haiko hivyo. Mti uliopandwa leo utatoa kivuli chake kamili baada ya miaka thelathini, pengine mpandaji akiwa kaburini. Majaji wanaoitunukia kazi ya namna hii wanaihukumu kazi ambayo bado haijatimia. Yamkini ndiyo sababu fani hii imekuwa na desturi ya kuwatazama kwa jicho la pekee walimu, watafiti na wanafunzi wake, kwa kuwa hao ndio wanaobaki na mti baada ya mpandaji kuondoka.

Fani ilikuwapo tangu kale, lakini jumuiya yake rasmi ni changa. Chama cha Wasanifu wa Mandhari cha Marekani kiliasisiwa New York mwezi Januari 1899 na watu kumi na mmoja. Mwaka uliofuata, 1900, Chuo Kikuu cha Harvard kikaanza kuifundisha fani hiyo kwa utaratibu kamili, chini ya Frederick Law Olmsted mdogo, mwana wa yule Olmsted aliyeshiriki kubuni bustani kuu ya New York. Miongoni mwa waasisi kumi na mmoja alikuwamo mwanamke mmoja tu, Beatrix Jones, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Beatrix Farrand. Elimu yake hakuipata katika darasa la chuo kikuu. Aliipata kwa kukaa na bingwa wa miti, Charles Sprague Sargent, katika bustani ya miti ya Arnold mjini Boston. Mlango wa Harvard ulikuwa umefungwa kwa wanawake, na ulibaki umefungwa hadi mwaka 1942. Katika kipindi hicho wanawake waliotaka elimu hii walikwenda katika skuli ndogo ya jirani, iliyoendeshwa na mwalimu wa Harvard, Henry Atherton Frost, kwa ajili yao peke yao.

Hapa ndipo methali ya kwanza inapoanza kuleta swali. Mcheza kwao hutunzwa, sawa. Lakini kwao ni wapi kwa mtu ambaye uwanja wenyewe umemkataa? Ukizifuatilia tuzo kubwa za fani hii tangu nusu ya pili ya karne iliyopita, utawakuta mmoja baada ya mwengine watu ambao nyumbani kwao kuliwahi kuwafukuza.

Wa kwanza ni Hideo Sasaki. Alizaliwa California mwaka 1919, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani waliokuwa wakulima. Alikuwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha Berkeley Japani ilipoishambulia Marekani mwezi Disemba 1941. Mwaka 1942 serikali iliwaondoa watu wa asili ya Kijapani wapatao 120,000 kutoka mwambao wa magharibi na kuwatia kambini, na wengi wao walikuwa raia waliozaliwa hapo hapo. Sasaki alipelekwa Poston, katika jangwa la Arizona. Njia yake ya kutoka kambini ilikuwa kukubali kibarua katika mashamba ya viazisukari huko Colorado. Baada ya hapo alirejea masomoni, akahitimu Illinois mwaka 1946 na Harvard mwaka 1948.

Kijana aliyetolewa darasani kwa sababu ya uso wake akawa mkuu wa idara ya usanifu wa mandhari ya Harvard kuanzia 1958 hadi 1968. Mafundisho yake yalikuwa na msingi mmoja: kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kuisoma ardhi peke yake. Mpangaji miji, msanifu majengo, mtaalamu wa udongo na mtaalamu wa mimea wakae meza moja tangu siku ya kwanza, wala asingojewe mtu wa bustani aje mwisho kupamba kwa maua jengo lililokwisha kuharibu mteremko wa maji. Mwaka 1971 Chama cha Wasanifu wa Mandhari cha Marekani kilipotoa medali yake kuu kwa mara ya kwanza, kilimpa yeye.

Lakini kabla ya medali ya mwalimu ilikuwapo tuzo ya mwanafunzi. Mwaka 1957 kijana Peter Walker, mwanafunzi wa Sasaki, alipewa Tuzo ya Jacob Weidenmann, ambayo Harvard humpa mhitimu aliyedhihirisha kipaji cha ubunifu. Mwaka huo huo mwalimu na mwanafunzi wakawa washirika wa kazi. Walker alipata medali ile ile ya mwalimu wake mwaka 2004, na akashirikiana na msanifu majengo Michael Arad katika kumbukumbu ya wahanga wa 11 Septemba iliyofunguliwa New York mwaka 2011, ambako mamia ya miti ya mialoni imepandwa kuzunguka mashimo mawili ya maji. Tuzo ndogo ya darasani ilitabiri jambo ambalo hakuna jaji wa mwaka 1957 angeweza kuliona.

Desturi hiyo ya darasani ina jumuiya yake. Huko Marekani liko baraza la walimu wa usanifu wa mandhari, ambalo asili yake ni mkutano wa walimu uliofanyika mwaka 1920. Katika mikutano yake ya kila mwaka baraza hilo huwatambua walimu kwa ufundishaji, watafiti kwa utafiti na ubunifu, na wanafunzi kwa mchango wao. Ni tuzo ambazo magazeti hayaziandiki. Hata hivyo, zina maana yake, kwa sababu vyuo vikuu hupenda kumpandisha cheo mwenye vitabu vingi na kumsahau aliyewakuza watu. Anayetuzwa kwa kufundisha huambiwa hadharani kwamba saa alizozitumia kuinamia michoro ya wengine hazikupotea.

Thamani ya saa hizo, na udhaifu wake, vyaonekana katika kisa cha Anne Whiston Spirn. Yeye alisomea fani hii katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania alipokuwa akifundisha Ian McHarg, Mskochi ambaye kitabu chake cha mwaka 1969, Design with Nature, kiliwafundisha wapangaji kuuliza kwanza ardhi yenyewe inataka nini kabla ya kuchora barabara. McHarg alipata Tuzo ya Japani mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Spirn aliyachukua mafundisho hayo na kuyaingiza mjini, palepale penye saruji na umaskini.

Mwaka 1987 alianza utafiti katika Philadelphia ya magharibi, mitaa iliyokaliwa zaidi na Wamarekani Weusi. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomoka na viwanja vitupu vimeenea. Wengi waliona hapo dalili ya ufukara tu. Spirn alipozitandika ramani za zamani juu ya ramani mpya, aliona kitu kingine: mstari wa viwanja vitupu ulifuata njia ya kijito kilichoitwa Mill Creek, ambacho katika karne ya kumi na tisa kilitiwa ndani ya mfereji mkubwa chini ya ardhi, kikafukiwa, na nyumba zikajengwa juu yake. Kijito hakikufa. Mwaka 1961 mfereji huo uliporomoka, ukazimeza nyumba, na watu wakapoteza maisha. Mtafiti aliwaeleza wakuu wa mji kwamba bonde lile ni la hatari kwa makaazi, na pia ni nafasi ya kuyapokea maji ya mvua. Kwa miaka mingi maneno yake hayakupata masikio.

Masikio aliyapata skulini. Katikati ya miaka ya 1990 Spirn na wanafunzi wake wa chuo kikuu walianza kufanya kazi na walimu na watoto wa skuli ya kati ya Sulzberger, iliyokuwa katika bonde lile lile. Mwanzoni watoto hawakuamini kwamba chini ya mitaa yao ulipita mto. Wakapewa ramani na picha za kale. Wakafundishwa kuzisoma, kuuliza, kisha kuchora wao wenyewe mtaa wanaoutaka. Watoto waliozoea kuambiwa kwamba uchakavu wa mtaa ni aibu ya wazazi wao waligundua kuwa uchakavu huo una historia: ya mto uliozikwa, ya mabenki yaliyowanyima watu weusi mikopo, na ya maamuzi yaliyofanywa mbali na wao.

Kilichofuata ni funzo chungu. Baada ya mwaka 2002, serikali ya jimbo iliposhika uendeshaji wa skuli za mji huo, programu ile haikuendelea kama ilivyokuwa. Mbegu nyingine, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuota. Mwaka 2011 Philadelphia ilianza mpango mkubwa wa kuyapokea maji ya mvua kwa udongo, miti na bustani badala ya kutegemea mifereji peke yake. Fikra aliyokuwa akiihubiri mwalimu yule tangu miaka ya 1980. Na mwaka 2018 Shirikisho la Kimataifa la Wasanifu wa Mandhari lilimpa Spirn tuzo yake ya juu, iliyopewa jina la Mwingereza Sir Geoffrey Jellicoe, rais wa kwanza wa shirikisho hilo lililoundwa mwaka 1948. Mwalimu alituzwa, watoto wa Sulzberger, ambao walikuwa watafiti kwa haki yao, hawakutajwa katika orodha yoyote ya washindi. Kutunza kwa maana ya kwanza kulifika. Kutunza kwa maana ya pili kulikatika njiani.

Tuzo iliyo changa zaidi miongoni mwa tuzo kubwa za fani hii ina jina la mwanamke, nalo ni jina la mkimbizi. Cornelia Hahn Oberlander alizaliwa Ujerumani mwaka 1921 katika familia ya Kiyahudi, akaikimbia nchi yake na mama yake kabla ya vita. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuingia Harvard mlango ulipofunguliwa, akahitimu mwaka 1947. Maisha yake ya kazi aliyafanyia Kanada, katika mji wa Vancouver, ambako alibuni viwanja vya kuchezea watoto na bustani zilizopanda hadi juu ya mapaa ya majengo ya serikali. Alifariki mwezi Mei 2021, akiwa na umri wa miaka 99. Miezi mitano baadaye tuzo yenye jina lake, ya dola 100,000, itolewayo kila baada ya miaka miwili, ilikabidhiwa mshindi wa kwanza: Julie Bargmann, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Virginia, ambaye amefanya kazi katika ardhi zilizotupwa, kama vile machimbo ya makaa ya mawe, viwanda vilivyofungwa na mito iliyotiwa sumu. Huko Vintondale, Pennsylvania, yeye na wenziwe waliyapitisha maji yenye tindikali ya mgodi wa zamani katika msururu wa mabwawa, ili watu wayaone yakisafika hatua kwa hatua.

Mshindi wa pili, mwaka 2023, alikuwa Kongjian Yu wa China. Alizaliwa mwaka 1963 katika kijiji cha mkoa wa Zhejiang, katika ukoo uliokuwa na ardhi, jambo ambalo wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni lilikuwa kosa. Familia yake ilinyanyaswa. Yeye alichunga nyati wa maji. Mara nyingi alisimulia jinsi alivyotumbukia utotoni katika kijito kilichofurika: matete na mierebi ya ukingoni iliipunguza kasi ya maji, akayashika akaokoka. Lau kingo zingekuwa za saruji, alisema, angekufa. Mwaka 1980 aliingia chuo cha misitu cha Beijing, akapata shahada ya udaktari Harvard mwaka 1995, na mwaka 1997 akarejea kwao kufundisha katika Chuo Kikuu cha Peking.

Alichofundisha ni kwamba mji uwe kama sifongo: uyanywe maji ya mvua, uyahifadhi, uyaachie polepole. Miji ya China ilikuwa ikienda kinyume chake, ikiziba mabwawa na kuinyoosha mito kwa zege. Mwezi Julai 2012 mafuriko ya Beijing yaliua watu 79. Mwaka uliofuata uongozi wa nchi uliichukua fikra ya sifongo, na mwaka 2015 miji 16 ya majaribio ikateuliwa. Huko Sanya, katika kisiwa cha Hainan, Yu aliubomoa ukuta wa saruji wa mto na kurudisha mikoko, akiukata ukingo mfano wa vidole vilivyopishana ili miche isiang'olewe na upepo wala mkondo. Msomaji wa mwambao hahitaji kuelezwa zaidi maana ya ukingo uliolindwa na mkoko na ukingo ulioachwa kwa ukuta peke yake.

Methali ya mgema nayo isisahauliwe. Mwezi Julai 2021 mvua isiyo ya kawaida iliufurikisha mji wa Zhengzhou, uliokuwa umetumia fedha nyingi kwa jina la sifongo, na mamia ya watu wakafa katika mkoa huo. Wahandisi waliuliza kama fikra ile haikusifiwa kupita uwezo wake. Yu alijibu kwamba mahali pengi jina lilichukuliwa na kazi ikaachwa. Mjadala huo ulikuwa wa haki. Tuzo haizuii mafuriko, wala haithibitishi kwamba mshindi hakosei. Aidha, tuzo hubeba jina la mtu mmoja na kuyafunika majina ya wengi: wachoraji, wapandaji, wachimbaji, na yule mtunza bustani aokotaye takataka alfajiri kabla ya wageni kufika. Tuzo inayosahau hayo ni tembo lililotiwa maji.

Tarehe 23 Septemba 2025 ndege ndogo iliyomchukua Kongjian Yu ilianguka katika ardhi oevu ya Pantanal, nchini Brazili, wakati wa kutengenezwa filamu juu ya kazi yake. Wote wanne waliokuwamo walifariki. Alikuwa na umri wa miaka 62. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu atunukiwe tuzo ya Oberlander.

Katika kazi zake zote, iko moja iliyo ndogo kwa sifa na kubwa kwa maana. Chuo kikuu cha usanifu cha Shenyang, kaskazini-mashariki ya China, kilipohamia uwanja mpya mwanzoni mwa karne hii, fedha za bustani zilikuwa chache na ardhi ilikuwa shamba zuri la mpunga. Yu aliliacha liwe shamba la mpunga. Alikata njia nyembamba katikati yake, akaweka vibaraza vya kusomea, akayakusanya maji ya mvua yanyweshe mimea. Wanafunzi ndio wapandikizaji na ndio wavunaji, na mchele wa chuo hutiwa katika mifuko ukapewa wageni kuwa ukumbusho.

Mpunga hupandikizwa mwisho wa majira ya machipuo, ukavunwa mwezi Oktoba. Mahafali huwa katikati. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeingia matopeni kupandikiza huchukua shahada yake na kuondoka shamba likiwa bado kijani. Mavuno huwakuta wengine. Hakuna jopo la majaji linalomtazama, na jina lake halitaandikwa penye medali. Lakini wadogo zake wakilivuna shamba lile, kisha wakapanda tena mwaka wa pili, basi amekwisha kutunzwa, kwa maana zote mbili za neno hilo.